BUSTANI YA MBOGA NA VIOTA VYA NDEGE WAKATI MVUA INARUDI

Katika vitabu vya shule watoto wanasoma kwamba mwaka una majira manne, na kwamba baada ya theluji kunakuja majira ya kuchipua, ndipo miti inatoa majani na ndege wanajenga viota. Mambo hayo ni ya Ulaya. Huku kwetu Kivu ya Kusini tuko na mwezi wa tisa. Kiangazi kinaanza mwezi wa sita, vumbi linajaa njiani, milima inageuka rangi ya kahawia, moshi wa mashamba yanayochomwa unafunika ziwa. Kisha mvua inarudi, na katika majuma machache kila kitu kinakuwa kijani. Lengalenga zinaota hata pahali ambapo mtu hakupanda. Viwavi wanatoka. Na katika ua wa kila nyumba ndege wanaanza kubeba nyasi mdomoni.

Mtu atauliza: hospitali iko na kazi gani na ndege? Nitajibu. Kazi yetu iko na mtoto; mtoto anahitaji mboga; na mboga ziko na adui ambaye ndege anamkula. Kwa hiyo tutazungumza juu ya vyote vitatu pamoja.

NJAA YA MWEZI WA KUMI

Akina mama wanajua vizuri kwamba mvua ya kwanza haileti chakula, inaleta kazi. Maharagi ya zamani yameliwa ao yametiwa udongoni kuwa mbegu, na yale mapya hayatavunwa mpaka mwezi wa kumi na mbili ao wa kwanza. Katika miezi hii mtoto aliyeachishwa ziwa anapewa bugali ya muhogo peke yake, asubuhi na jioni. Tumbo linajaa. Lakini ndani ya muhogo chakula cha kujenga mwili ni kidogo sana. Miguu inavimba, nywele zinakuwa nyekundu na laini, ngozi inang'oka, mtoto hataki kucheza, hataki kula, analia tu. Hii ndiyo bwaki, na watu wengi wa Kivu wanajua jina lake.

Kuna ugonjwa mwingine unaokuja kimya zaidi. Jioni, giza likianza kuingia, watoto wengine wanacheza bado, lakini mmoja anajikwaa kwa viti, ao anakaa pahali pamoja na kumwita mama yake. Watu wanasema amelogwa. Hakulogwa. Amekosa vitamini A, ambayo jicho linaitumia kwa kuona katika mwanga mdogo. Kama hakutibiwa, kioo cha jicho kinakauka, kinatoboka, na hapo hakuna daktari atakayerudisha jicho lile. Tena mtoto wa namna hii akipata surua, surua inamkamata kwa nguvu.

Vitamini A inayotolewa kila miezi sita kwa watoto wa miezi 6 mpaka miaka 5 inasaidia sana, msiikose. Lakini iko vilevile nyuma ya nyumba yako: katika lengalenga, matembele, sombe, majani ya boga, karoti, papai, na viazi vitamu vya rangi ya machungwa ndani. Pika mboga na mafuta kidogo, kwa sababu vitamini hii inaingia mwilini kwa msaada wa mafuta. Mawese ni mazuri kupita mafuta mengine, lakini usiyachome mpaka yanakuwa meupe. Ile rangi nyekundu ndiyo mwili unaigeuza kuwa vitamini A. Ukiichoma, umetupa dawa na kubakiza mafuta. Na sombe uitwange na kuichemsha muda mrefu kama wazee walivyofanya, juu ya sumu iliyo ndani ya majani mabichi.

Ni kweli, lengalenga peke yake haiponyeshi bwaki. Mtoto anaomba pia maharagi, soya, ndagala, yai. Lakini lengalenga iliyopandwa siku mvua inapoanza inaliwa baada ya majuma 3 ao 4, na katika miezi ile ya kungojea maharagi, hakuna mboga nyingine inayokimbia hivyo.

KWA NINI NDEGE WANAJENGA SASA

Wanaopenda majani laini si watu peke yao. Nondo na vipepeo wanataga mayai chini ya majani, na baada ya siku chache viwavi wanakula usiku na mchana. Yuko yule wa kijani anayekunja majani ya lengalenga kwa utando wake. Wako wale wadogo wanaotoboa shu mpaka inakuwa kama kichujio. Na tangu mwaka 2016 kuna kiwavi aliyetoka Amerika na kuingia Afrika, anayekula moyo wa mahindi. Mahindi yako karibu na nyumba nyingi, basi naye tunamjua.

Siku moja ya kupima watoto mama mmoja alitusemea hivi: "Mama muganga, nilipanda lengalenga na shu, lakini bidudu bilikula yote. Bananiambia kuko dawa ku soko, mu kichupa. Ninunue?"

Mbele ya kununua, mama, simama kidogo na kuangalia ua wako.

Ndege wadogo wengi, hata wale wanaokula mbegu wakisha kukua, wanalisha makinda yao wadudu. Sababu yake ni ileile tunayowafundisha ninyi kila juma. Kinda linatoka ndani ya yai likiwa uchi, macho yamefungwa, na baada ya majuma mawili ao matatu tu linaruka. Mwili hauwezi kujengwa haraka namna hiyo kwa mbegu kavu. Unaomba nyama. Kwa hiyo mama ndege, ambaye yeye mwenyewe anaweza kushiba matunda na mtama, anapita juu ya mtama wako na kutafuta kiwavi laini. Hampi kinda bugali peke yake! Na kwa sababu viwavi wanakuwa wengi wakati mvua imerudi na majani ni laini, ndege wengi wanachagua wakati huo kwa kuzaa.

Hesabu siku zake. Kulalia mayai, karibu majuma 2. Kulisha makinda ndani ya kiota, majuma 2 ao 3. Jumla ni mwezi mmoja na kitu, yaani karibu sawa na muda wa lengalenga tangu mbegu mpaka sufuria. Mwezi huohuo unapolinda mboga zako, pale karibu iko familia yenye njaa inayotafuta adui yako tangu mapambazuko mpaka jioni.

Kama hauamini, mtume mtoto wako wa shule akae kimya, hatua kumi mbali na kiota chenye makinda, muda wa nusu saa, na kijiti mkononi. Kila mara mzazi anapofika na kitu mdomoni, achore mstari mmoja udongoni. Hesabu yake mwenyewe itamfundisha kupita karatasi hii.

NANI ANAKAA KATIKA UA WAKO

Majina ya ndege ni mengi kwa Kishi, kwa Kihavu, kwa Kifuliiru na kwa Kilega, na nikiandika moja wengine watanikatalia. Basi mtawatambua kwa sura na mwenendo wao.

Mmoja ni wa kahawia, kichwa cheusi, na chini ya mkia ana manjano. Anasema sana tangu asubuhi. Kiota chake ni kama kikombe kidogo ndani ya kichaka, na ndani mayai 2 ao 3. Anakula matunda, papai lako pia, lakini anakula na wadudu. Mwingine ana kifua cha rangi ya machungwa na mstari mweupe juu ya jicho; anaimba vizuri mbele ya jua kutoka, na mchana anapekua majani makavu chini ya migomba. Yuko yule mweusi na mweupe anayetikisa mkia kila wakati akitembea ndani ya mistari ya bustani. Huyu ni mfanya kazi ambaye halipwi.

Yule mdogo wa mdomo uliopinda, anayeng'aa kama chuma juani, mnamwona juu ya maua ya ndizi na ya tithonia. Wengi wanafikiri anaishi kwa asali ya maua tu. Lakini yeye pia anakamata wadudu wadogo na buibui kwa ajili ya makinda. Kiota chake kinaning'inia kama mfuko mdogo, kimefungwa na utando wa buibui, mara nyingine karibu kabisa na mlango. Akining'iniza kwako, usifikiri ni ishara mbaya. Amechagua pahali ambapo nyoka na mwewe wanaogopa watu.

Katika mwezi wa tisa na wa kumi mnaona pia mbayuwayu wenye mkia wa panda, wengi juu ya nyaya. Hao wanafika kutoka Ulaya, kule ambako baridi inaanza. Hawajengi kwetu. Wanakula wadudu wanaoruka, halafu mwezi wa tatu ao wa nne wanarudi kule kujenga, katika majira ya kuchipua ya vitabu vile. Wale wanaojenga kwa udongo chini ya paa zetu ni ndugu zao wengine.

Na bundi? Nimesikia mengi juu ya bundi, hata toka kwa watu waliobatizwa. Bundi mweupe anayelala ndani ya paa la kanisa halogi mtu. Anakula panya, na panya ndio wanakula maharagi yako ya mbegu na kuleta magonjwa nyumbani. Mwacheni.

Sasa, sitaki kuwadanganya kwamba ndege wote ni rafiki wa bustani. Wale wa manjano wanaofuma viota vingi kwa mti mmoja wanachana majani ya migomba na ya mingazi, na wanakula mtama. Ni kweli wanapendeza kuwaangalia: dume anafuma, jike anakuja kupima, na akikataa nyumba ile, mara nyingi dume anaibomoa na kuanza tena. Nao pia wanapeleka wadudu kwa makinda, lakini mtama ukikomaa inaomba mtoto wa kuwafukuza. Wabaya zaidi kwa bustani ya mboga ni wale wa mkia mrefu, rangi ya panya, wanaotembea kwa kundi na kuning'inia katika miti. Wanakula miche midogo na matunda. Kwa hao, funika kitalu kwa matawi ya miiba ao kipande cha neti ya zamani isiyolala tena mtu (ile nzima ni ya mtoto, si ya shu!), mpaka miche iwe na nguvu. Na kuku wako mwenyewe, mama, anaharibu mistari kupita ndege wote wa porini, mfungie.

Mwaka 1958 serikali ya China iliagiza watu wote waue shomoro kwa sababu wanakula nafaka. Waliua wengi kabisa. Lakini wadudu waliokuwa wakiliwa na shomoro waliongezeka mashambani, na mwaka 1960 wakubwa waliondoa shomoro katika orodha ya maadui na kuandika kunguni pahali pake. Njaa kubwa iliyopiga nchi ile katika miaka hiyo ilikuwa na sababu nyingine nzito, lakini kuua ndege kuliongeza hasara.

KICHUPA CHA SOKO

Nirudi kwa ulizo la yule mama. Dawa nyingi za viwavi ni sumu ya mishipa ya fahamu. Zinaua kiwavi kwa kuharibu mishipa yake, na zinaweza kuharibu ya mtoto pia. Zikiuzwa ndani ya kichupa cha soda ao cha dawa ya kikohozi, bila karatasi, hakuna anayejua ni sumu gani, wala utie kiasi gani, wala ungoje siku ngapi mbele ya kula. Na lengalenga inachumwa kila siku mbili ao tatu! Dawa ya DDT, ambayo wazee wetu waliijua, ilikatazwa kwa mashamba katika mapatano ya mataifa yaliyofanywa Stockholm mwaka 2001. Iliruhusiwa kwa kazi ya kupigana na mbu wa malaria na wadudu wengine wa magonjwa tu. Mtu akikuuzia kwa mboga, mkatalie.

Tena sumu inavunja ile kazi ya ndege. Mzazi anapeleka kiwavi aliyepigwa dawa, makinda yanakufa. Ao viwavi wamekwisha kabisa siku ile, makinda yanakufa kwa njaa. Baada ya majuma machache nondo wanataga tena, viwavi wanarudi, lakini ndege hawapo. Hapo unanunua kichupa cha pili.

Fanya hivi kwanza. Asubuhi na mapema, majani yakiwa na umande, pita na watoto mkaondoe viwavi kwa mkono na kuvitia katika kopo la maji ya sabuni. Geuza majani, ponda mayai yaliyo chini. Wale wadudu wadogo wanaokaa kwa makundi kama chawa, wanyunyizie maji yenye sabuni kidogo, kijiko kidogo kwa litre moja. Majivu makavu kuzunguka shina yanasaidia mpaka mvua iyaoshe. Usipande shu peke yake kwa shamba zima. Changanya na vitunguu na lengalenga. Lakini maji ya tumbaku, ambayo wengine wanasifu, usiyatumie kwa mboga: hayo nayo ni sumu kali.

Kama mtoto amekunywa dawa ya viwavi ao imemwagika juu yake, mnaweza kuona mate mengi, jasho, kutapika, kuhara, mboni za macho zinakuwa ndogo kama ncha ya sindano, mwili unatetemeka, pumzi inakuwa ngumu. Usimtapishe. Usimpe mawese wala maziwa. Hayaondoi sumu, na yanaweza kuingia katika mapafu. Vua nguo zake, osha ngozi yake kwa maji mengi na sabuni, nawe ujilinde mikono. Mlaze kwa ubavu. Mlete hospitali saa ileile, na ulete kichupa, hata kikiwa kitupu, kusudi tujue. Kwa sumu za aina fulani tuko na dawa ya sindano, lakini inasaidia yule aliyefika mapema.

WATOTO NA MANATI

Vijana wetu wanapenda manati, ule mpira wa kurushia mawe. Wanasema wanatafuta nyama, na njaa ni njaa, siwacheki. Lakini ndege mmoja mdogo hana nyama ya kujaza kijiko, na jiwe halichagui. Jicho lililopigwa na jiwe, usilikamue, usilioshe kwa mkojo ao kwa maziwa ya mama. Lifunike kwa kitambaa safi bila kukandamiza, na ulete mtoto siku ileile.

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mistari ya 6 na 7, kuna sheria ambayo wengi wanapita bila kuisoma. Inasema juu ya mtu anayekuta kiota njiani, mama akiwa juu ya mayai ao makinda: haruhusiwi kumchukua mama pamoja na watoto, amwache mama aende. Bwana Mungu alitia sheria hiyo katikati ya mambo ya nyumba na mashamba, na ahadi yake ni maisha marefu. Someni na vijana wenu, kisha wapeni kazi ya kulinda: kila mmoja achague kiota kimoja, asikiguse, asilete wenzake kukitazama kila saa, maana ndege akisumbuliwa sana anaacha mayai. Akihesabu makinda yanayoruka, anayo habari ya kuwaambia wengine.

USAFI

Kupenda ndege hakumaanishi kulala nao. Mavi ya ndege na ya kuku yanabeba vidudu vya kuhara, basi osha mboga kwa maji safi mbele ya kukata, na unawe mikono kwa sabuni ukitoka bustanini. Kiota kisiwe juu ya mtungi wa maji ya kunywa ao juu ya jiko, funika mtungi. Watoto wasicheze na makinda. Ndege aliyeokotwa akiwa amekufa haliwi, hata kama anaonekana mnono. Mwaka 2017 homa ya ndege ilipatikana kwa kuku na bata kule Ituri, pande za ziwa Albert. Mkiona kuku ao ndege wengi wanakufa pamoja, msiwaguse, mpashe habari kituo cha afya na muganga wa nyama.

JUU YA KUKATA UA

Wengi wanakata ua wakati mvua imeusukuma, mwezi wa kumi ao wa kumi na moja, na viota vinaanguka pamoja na makinda. Ukate katika mwezi wa saba na wa nane, kiangazi kingali kikali, ndege wengi hawajaanza. Kama ni ua wa miyenzi, fumba macho ya watoto mbali na utomvu wake mweupe, unachoma vibaya. Ukikuta kiota chenye mayai ao makinda katika mvua, acha tawi lile na mikono miwili ya nafasi pande zote, ukate pengine. Baada ya mwezi mmoja na nusu tawi ni lako.

Kiota kikiwa kitupu, chunguza siku tatu kama hakuna anayeingia. Vile vya kufuma vinavyoning'inia usivitoe haraka, kwa sababu ndege wengine wadogo wanapenda kuvikalia. Vile vya kikombe vikianguka vyenyewe, vitie katika shimo la mbolea pamoja na majani ya tithonia, na mwezi wa pili utavitandaza chini ya lengalenga za zamu ya pili.